Tovuti Isipofunguka: Mwongozo wa Kutambua Kizuizi na la Kufanya

Mtu anapoiandika anwani ya tovuti aliyoizoea, akangoja, akangoja tena, na kioo cha simu kikabaki cheupe, aghalabu hutamka moja ya kauli mbili: ama bando limekwisha, ama Serikali imefunga. Kila moja huweza kuwa kweli, na kila moja huweza kuwa dhana tupu. Na kwa kuwa ya pili ni tuhuma juu ya wenye mamlaka, na tuhuma isiyo na ushahidi huwafaa wale wale wanaotuhumiwa, mwongozo huu umeandikwa ili msomaji apate njia ya kuipambanua sababu kwa yakini, kuiandika kwa namna itakayosimama mbele ya watu wengine, kuzipata habari alizozuiliwa bila ya kujitia katika hatia asiyoijua, na kuwadai wanaohusika jibu. Hauhitaji elimu ya uhandisi. Unahitaji simu, daftari, na subira kidogo.

Yafaa kwanza kujua kizuizi huwekwa wapi, kwa sababu kila mahali kinapowekwa huacha alama yake. Kila tovuti ina jina ambalo watu hulikumbuka, liitwalo jina la kikoa, na ina namba ambazo mitambo huzitumia kufikiana. Na tangu mwaka 1983, Paul Mockapetris alipobuni utaratibu uitwao DNS, kazi ya kulibadili jina kuwa namba hufanywa na mitambo maalumu iliyotawanyika duniani. Simu yako, maadamu hujabadili chochote ndani yake, huuliza mtambo wa kampuni ile ile iliyokuuzia bando. Basi mamlaka ikitaka kuifunga tovuti ambayo seva zake ziko Dublin au Virginia, haina haja ya kuvuka bahari: huiandikia barua kampuni ya simu iliyopo mjini, ambayo ina leseni na inaogopa kuipoteza, na kampuni huuamuru mtambo wake ujibu kwamba jina hilo halipo, au utoe namba ya uongo. Kazi hiyo ni nyepesi wala haina gharama ya kutajika, na ndiyo sababu aghalabu hujaribiwa kabla ya nyingine.

Njia ya pili ni kuizuia namba yenyewe, ili hata anayeijua asifike. Hii huwaumiza wengi wasiohusika, kwani namba moja huweza kubeba mamia ya tovuti zisizojuana. Aprili 2018, Urusi ilipokusudia kuifunga Telegram, ilizuia mamilioni ya namba za Amazon na Google, na huduma zisizo na uhusiano wowote na Telegram zikaanguka, ilhali Telegram yenyewe ikaendelea kufanya kazi kwa wengi. Na miaka 10 kabla ya hapo, tarehe 24 Februari 2008, kampuni ya simu ya Pakistan, ikitaka kuwafungia YouTube watu wa nchi yake tu, ilitangaza njia ya uongo ambayo kwa taksiri ilivuka mipaka, na kwa muda wa saa mbili hivi YouTube ikapotea katika sehemu kubwa ya dunia. Huwa nawakumbusha kisa hicho wanaosema kwamba kufunga tovuti ni jambo la ndani ya nchi lisilomhusu jirani.

Njia ya tatu ina hila zaidi, nayo ndiyo inayowababaisha watu. Siku hizi tovuti nyingi hutumia mawasiliano yaliyofumbwa, yale ambayo anwani yake huanza kwa herufi https, na mfano wake ni barua iliyotiwa ndani ya bahasha ikapigwa lakiri: mchukuzi hawezi kuyasoma yaliyomo, lakini jina la mpelekewa analiona juu ya bahasha. Mitambo ya kuchuja, iliyowekwa katika njia kuu za kampuni za simu, hulisoma jina hilo katika salamu ya kwanza baina ya simu yako na seva, na likiwamo katika orodha ya yaliyokatazwa, huyakata mazungumzo papo hapo.

Ufumbaji huu umezaa tokeo ambalo wengi hawalitambui. Zamani mwenye kutaka kuuficha ukurasa mmoja aliweza kuuficha huo peke yake na kuiacha tovuti iliyobaki. Sasa haoni ukurasa, huona jina la kikoa tu, na kwa hiyo hana budi kuchagua baina ya kuiacha tovuti nzima au kuifunga nzima. Wikipedia ilipoyafumba mawasiliano yake yote mwaka 2015, Uturuki, ambayo haikupendezwa na kurasa chache zilizoihusisha na vita vya Syria, iliifunga ensaiklopidia yote, pamoja na makala za nyuki na za hesabu, tangu 29 Aprili 2017 hadi 15 Januari 2020. Kwa hiyo ukisikia kwamba tovuti fulani imefungwa kwa sababu ya picha za aibu au uzushi wa mtu mmoja, usiseme mara moja kwamba sababu hiyo ni ya uongo. Jiulize badala yake ni mangapi mengine, yasiyo na aibu wala uzushi, yaliyozikwa pamoja nayo.

Zimebaki mbili ambazo nitazipitia kwa haraka. Moja ni kulifuta jina lenyewe kwenye daftari la nchi, jambo linalowezekana kwa majina yanayoishia na herufi za nchi hiyo, kama .tz au .ke, na hapo tovuti haitafunguka Dodoma wala Oslo. Nyingine ni kuzima intaneti yote, kama ilivyokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, kwa siku takriban 20. Na Uganda kuanzia jioni ya 13 Januari 2021 hadi tarehe 18. Na Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Hiyo haihitaji uchunguzi wowote, kwa kuwa kila mtu huiona. Ila ina maandalizi yake, nayo nitayataja mbele.

Sasa tuje kwenye uchunguzi wenyewe, na tuanze kwa kuziondoa sababu zisizo na Serikali ndani yake, maana ni nyingi kuliko watu wanavyokiri. Tazama aina ya bando ulilonunua: bando la mitandao ya kijamii, linalouzwa kwa bei nafuu, hufungua WhatsApp na wenzake, na tovuti nyingine yoyote hukataa kana kwamba imepigwa marufuku. Tazama tarehe na saa ya simu yako. Simu iliyozimika betri ikaamka na tarehe ya miaka iliyopita hukataa tovuti zote zilizofumbwa, kwa kudhani kwamba vyeti vya utambulisho vya tovuti hizo si halali. Tazama kama umeandika jina sawasawa. Kisha fungua tovuti nyingine mbili tatu, mojawapo iwe ya nje ya nchi, ili ujue kama taabu ni ya mahali pamoja au ya pote.

Ikiwa nyingine zinafunguka na hiyo moja haifunguki, soma maandishi yaliyotokea kiooni, yale ambayo watu huyafunga kwa hasira bila ya kuyatazama. Kivinjari kikisema kwamba tovuti haikupatikana, na chini pakawa na herufi NXDOMAIN, maana yake ni kwamba mtambo wa majina umejibu kuwa jina hilo halipo: ama umekosea herufi, ama mwenye tovuti hakulipia jina lake, ama umedanganywa. Yakiwa na neno RESET, yaani mazungumzo yalianza kisha yakakatwa ghafla, hiyo ni dalili nzito ya mchujaji aliye njiani, hasa ikiwa hutokea kila mara na kwa tovuti hiyo tu. Kioo kikizunguka dakika nzima kisha kikaandika TIMED OUT, huenda namba imezuiwa, na huenda seva imeelemewa. Alama hii ni dhaifu, usiijengee hoja peke yake. Na ikiwa maneno huja lakini picha na video hugoma kwa siku kadhaa, kwa tovuti ile ile na saa zile zile, yumkini kasi imebanwa kwa makusudi, na hilo ni gumu kulithibitisha kuliko yote.

Ziko pia nchi ambazo hazijifichi. Aliyeko Maskati au Dubai akifungua tovuti iliyokatazwa huletewa ukurasa wa kampuni ya simu unaomwambia waziwazi kwamba tovuti hii haifunguliwi kwa mujibu wa sheria ya nchi. Na ndugu zetu walioko huko wanajua pia kwamba ujumbe wa WhatsApp hupita lakini simu ya sauti ya WhatsApp haipiti. Hata wahandisi wa intaneti, mwaka 2016, walichapisha alama rasmi ya kumwarifu msomaji kwamba amezuiwa kwa amri ya kisheria, wakaipa namba 451 kwa kuikumbuka riwaya ya Ray Bradbury juu ya nchi inayochoma vitabu. Afrika Mashariki alama hiyo ni adimu. Kwetu kizuizi huja kimya, na kimya hicho, kwa maoni yangu, ni dhuluma kubwa kuliko kizuizi chenyewe, kwa sababu aliyezuiwa kwa amri iliyoandikwa anajua ampinge nani. Gazeti la MwanaHalisi lilipofungiwa Tanzania mwaka 2012, kulikuwa na amri ya waziri inayoweza kupelekwa mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliitengua. Mtandao wa X ulipoacha kufunguka nchini humo tarehe 20 Mei 2025, usiku ule ule ambao akaunti ya Jeshi la Polisi iliingiliwa na wadukuzi, watumiaji waliona kioo kinachozunguka tu, na maelezo ya waziri kwamba mtandao huo unaruhusu picha za ngono yalikuja baadaye.

Kipimo kinachofuata ni cha kulinganisha. Mwombe mtu mwenye laini ya kampuni nyingine aifungue tovuti hiyo saa hiyo hiyo, kisha mwombe aliye nje ya nchi afanye vivyo hivyo. Kila familia siku hizi ina mtu Doha, Minneapolis au Leicester. Ikigoma kwa kampuni moja tu, yumkini ni hitilafu ya kampuni. Ikigoma kwenu wote wa ndani na kufunguka kwa aliye nje, shaka inapungua sana. Ikigoma kwa wote, wa ndani na wa nje, basi muulize kwanza mwenye tovuti kabla ya kumtaja waziri.

Kisha jaribu kubadili mtambo wa majina. Simu za Android tangu toleo la 9, la mwaka 2018, zina sehemu ya DNS ya faragha ndani ya mipangilio ya mtandao, ambapo unaweza kuandika jina la mtambo mwingine wa hadhara badala ya ule wa kampuni yako. Ukibadili, na tovuti ikafunguka, umepata jibu: kizuizi kilikuwa katika majina. Isipofunguka, kizuizi kiko ndani zaidi. Machi 2014 vijana wa Uturuki waliandika ukutani, kwa rangi ya kunyunyiza, namba 8.8.8.8 ya mtambo wa majina wa Google, ili kila mpita njia ajue pa kuuliza. Kabla mwezi haujaisha, kampuni za simu za nchi hiyo zikaanza kuigeuza hata njia ya kwenda kwenye namba hiyo. Kwa hiyo jibu la kipimo hiki ni la leo, wala usilichukulie kuwa ni la kesho.

Kipimo cha mwisho, na kilicho imara kuliko vyote, hufanywa na programu ya bure iitwayo OONI Probe, ya mradi ulioanzishwa mwaka 2012 kwa ajili ya kazi hii hasa. Unaipa anwani, nayo inayafanya yale niliyoyaeleza kwa utaratibu mmoja: inauliza jina, inajaribu namba, inatuma salamu, kisha inayalinganisha majibu yako na ya seva iliyo mahali pasipo na kizuizi. Matokeo yake huwekwa hadharani, na watafiti na mawakili duniani huyatumia kama ushahidi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yakupasa hadhari: yatakayoonekana na watu wote ni nchi, kampuni ya simu, na saa ya kipimo, na anayekuwinda huweza kuyaunganisha. Mtu aliye mahali pa hatari asiifungue katika simu yake ya kila siku bila ya kufikiri.

Yote uliyoyaona yaandike siku hiyo hiyo. Wengi hupiga picha ya kioo wakaridhika, na picha hiyo baada ya mwezi haisemi lolote, kwa kuwa haionyeshi tarehe, wala laini, wala mji. Maandishi yanayofaa ni mafupi na makavu, mathalani: “Jumanne 20 Mei 2025, saa 4:10 usiku (22:10), Morogoro, data ya laini ya kwanza. Anwani kamili kama ilivyoandikwa. RESET mara nne. Laini ya kampuni ya pili, nyumba hiyo hiyo, saa 4:18 (22:18), hivyo hivyo. Dada aliye Maskati anafungua. DNS imebadilishwa, haikusaidia.” Saa iandike kwa hesabu yetu na kwa hesabu ya kizungu, zote mbili, kwani msomaji wa Geneva akiona “saa 4 usiku” ataielewa kuwa ni alfajiri, na ushahidi wako utapingana na wa mwenzako bila ya kosa lenu. Usiandike neno “Serikali” mahali hapo. Andika ulichokiona, nani alikifanya ni hoja ya karatasi nyingine.

Sasa juu ya kuzipata habari zenyewe. Wengi hukimbilia VPN, ambayo huyapitisha mawasiliano yako ndani ya njia iliyofumbwa hadi seva ya nchi nyingine, na kutoka huko ndipo unapoonekana umefungua tovuti. Kabla hujaitia simuni, elewa mambo mawili. La kwanza ni la sheria. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia au kusambaza programu inayomwezesha mtu kuyafikia maudhui yaliyokatazwa, na tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka wanaotumia VPN wazisajili kabla ya mwezi huo kwisha, ikikumbusha kwamba adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Katika Imarati, sheria ya mwaka 2021 inamtoza anayeificha anwani yake ya mtandaoni kwa nia ya kutenda kosa faini ya dirhamu 500,000 hadi milioni 2. Uganda, ambako Facebook ilifungwa tangu Januari 2021, baada ya Facebook kuzifunga akaunti zilizohusishwa na Serikali, watu waliendelea kuitumia kwa VPN kwa miaka, tena hata maofisa wa umma walionekana humo. Ila kuenea kwa jambo si idhini yake. Mimi sikuamrishi wala sikukatazi. Nasema usome sheria ya mahali ulipo leo, wala si ya mahali alipo rafiki yako.

La pili ni la amana. Yale yote ambayo kampuni ya simu ilikuwa ikiyaona, sasa anayaona mwenye VPN; na anayekupa huduma hiyo bure, akiwa hana jina linalojulikana, wala anwani, wala maelezo ya anakopata riziki yake, usimdhanie kuwa ni sadaka. Programu ya namna hiyo huweza kuwa ni mtego wa kuuza taarifa zako. Chagua iliyokaguliwa na watu huru, uichukue katika duka rasmi la programu na si kwa faili lililotumwa katika kundi la WhatsApp usiku wa uchaguzi, wakati ambapo wenye nia mbaya nao huwa kazini.

Ziko njia zisizo na mashaka hayo, nazo watu huzisahau kwa sababu hazina mbwembwe. Gazeti ambalo tovuti yake imefungwa mara nyingi hutuma habari zake pia kwa barua pepe, na barua pepe hupita. Jiandikishe kabla, si baada. Internet Archive, tangu mwaka 2001, imewafungulia watu wote hazina yake ya nakala za kurasa za zamani, na wewe mwenyewe unaweza kuuomba mtambo wake uhifadhi ukurasa wa leo, jambo ninalokusihi ulifanye kwa kila ripoti, hotuba au takwimu unayodhani kwamba utaihitaji, maana ukurasa huweza pia kuondolewa na mwenyewe kwa shinikizo. Programu ya Kiwix hukuwezesha kuibeba Wikipedia ya Kiswahili nzima simuni, isomwe bila ya intaneti. Na redio, ambayo vijana huiona ni ya mababu, haina jina la kikoa la kufungwa.

Kwa ule uzimaji wa jumla maandalizi ni ya nyumbani zaidi. Kwa kawaida simu za sauti, ujumbe mfupi, na huduma za fedha za kubonyeza nyota na reli haziendi kwa intaneti, na kwa hiyo hubaki wakati ambapo programu za simu zote zimekufa; hakikisha basi unaikumbuka namba ya siri na njia ya kubonyeza, kwa kuwa wengi waliozoea programu wameisahau. Weka fedha taslimu za siku kadhaa. Andika katika karatasi namba za simu za watu wako, daktari wako, na wakili ikiwa unaye. Kubalianeni na ndugu walio nje kwamba kimya cha siku mbili si msiba, ili wasiuzunguke mji kwa simu za hofu. Mwenye duka linalotegemea maagizo ya WhatsApp na awe na orodha ya wateja wake iliyochapwa. Hasara ya siku hizo huwa ni yake peke yake, wala hakuna anayemfidia.

Hatimaye ni kudai jibu, na hapa daftari lako ndipo linapofanya kazi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari bila ya kujali mipaka ya nchi. Ya Kenya, ibara ya 35, inampa raia haki ya kuzipata habari zilizo mikononi mwa dola. Ya Uganda inafanya hivyo katika ibara ya 41. Kila moja ina sheria yake ya utekelezaji, na kila sheria ina muda: afisa wa Tanzania ana siku 30 za kukujibu, na wa Kenya na Uganda ana siku 21. Mwandikie msimamizi wa mawasiliano, na nakala nyingine uiandikie kampuni yako ya simu, barua isiyozidi ukurasa mmoja. Taja tovuti, tarehe na saa ulizoziandika, kisha uliza maswali manne bila ya kuyapamba: je, ipo amri ya kuizuia tovuti hii, nani aliitoa na lini, ni kifungu gani cha sheria kilichotumika, na kizuizi kitakwisha lini. Usitukane, wala usihubiri. Barua ya matusi humpa afisa sababu ya kutokujibu, na barua ya mawaidha humpa nafasi ya kukujibu kwa mawaidha. Ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi.

Usidhani kwamba barua hizo hutupwa bure. Mahakama ya Kikatiba ya Uturuki, iliyohukumu Desemba 2019 kwamba kuifunga Wikipedia kulivunja uhuru wa maoni, ilifika hapo kwa mashauri yaliyoanza na karatasi. Mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi, Juni 2020, iliihukumu Togo kwa kuzima intaneti Septemba 2017, na ikaamuru walalamikaji wapewe fidia. Kenya, ambako Telegram ilizuiwa Novemba 2023 na tena Novemba 2024 kwa hoja ya kuzuia wizi wa mitihani, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda Mei 2025 ya kuwazuia wenye mamlaka wasiizime intaneti wakati kesi inasikilizwa. Na iliyo karibu nasi kuliko zote ni Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, ambayo tarehe 28 Machi 2019 ilivikuta vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania vikiupinga mkataba wa Jumuiya. Mtu yeyote mkaazi wa nchi mwanachama aweza kuiendea. Ila mkataba unampa miezi 2 tu tangu kitendo kilipotokea au tangu alipokijua, na mahakama hiyo ni kali mno juu ya hesabu ya siku. Walalamikaji wenye haki wamepata kurudishwa mlangoni kwa kuchelewa.

Kwa hiyo tarehe ya kwanza katika daftari lako ndiyo inayoanza kuhesabu. Muone wakili au chama cha waandishi mapema, ukiwa na vipimo vyako, muhuri wa barua, na majina ya wengine wawili watatu walioona uliyoyaona kwa laini nyingine. Na usikiache kipimo kwa sababu umekwisha kukifanya mara moja, bali kirudie kila wiki kwa anwani ile ile, saa ile ile ikiwezekana. Siku tovuti itakapofunguka, watu watafurahi na kuendelea na mambo yao, na pengine hakuna atakayetangaza kwamba ilikuwa imefungwa. Wewe andika siku hiyo nayo, saa, mji, na laini, kwani mwanasheria wa upande wa pili atakuuliza kizuizi kilidumu muda gani, na kampuni ya simu haitakuwa na haja ya kukusaidia kumjibu.